Aliyenyamaza Tutamjuaje?



Baadhi ya Wakristo wetu hapa Mbeya na Iringa, hasa vijana, hufuata habari kwa programu za intaneti kama Feedly. Mtu huchagua blogu na magazeti anayoyataka, kisha akifungua ukurasa mmoja tu hukuta habari zote mpya zimepangwa, ile ya mwisho kuandikwa ikiwa juu. Google nao walikuwa na programu ya namna hiyo tangu mwaka 2005. Waliifunga tarehe 1 Julai, 2013, na wengi wakasikitika.

Sisi hatuoni ubaya wa chombo chenyewe. Ni afadhali kuliko yale makundi ya simu ambamo uvumi huletwa bila kuombwa. Hapa msikilizaji amejichagulia mwenyewe, wala hana wa kumsingizia kwa aliyoyasikia. Wapo wanaosumbuliwa na ile hesabu ya habari ambazo hazijasomwa, mia tatu, mia nne, kana kwamba ni deni. Si deni. Waathene wa Matendo ya Mitume sura ya 17 walishinda wakitafuta jambo jipya, na hatuambiwi kwamba waliongezeka hekima kwa hilo.

Swali letu ni jingine. Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Kiswahili mwaka 2004, Issa Michuzi akafuata mwaka 2005. Maggid Mjengwa akaandika kutoka Iringa, na Mbeya ikawa na Mbeya Yetu. Aliyezifuata blogu hizo alipata habari za nyumbani hata akiwa Ulaya, misiba na harusi pamoja na siasa. Kisha mwaka 2018 Serikali ilitoa kanuni zilizomtaka mwenye blogu kuwa na leseni, ambayo ada yake wakati ule ilikuwa shilingi 1,000,000. Kwa mtu anayeandika jioni baada ya kutoka shambani, hiyo ni bei ya ng'ombe. Wengine walilipa. Wengine waliacha kuandika.

Msomaji aliona nini siku ile? Hakuona kitu. Ukurasa huonyesha walioandika. Aliyenyamaza haachi pengo, maana nafasi yake hujazwa mara moja na wenye maneno mengi.

Je, tuna wajibu wowote kwa mtu huyo? Mwingine atasema, mimi ni msomaji tu, sikumfunga mdomo. Ni kweli. Lakini tulipoliweka jina lake katika orodha yetu tulijifanya wasikilizaji wake, na kusikiliza si kupokea tu. Yule mchungaji wa kondoo mia katika Luka 15 hakuitwa na aliyepotea. Alijua kwa kuhesabu. Katekista hufanya vivyo hivyo kila Jumapili anapotazama mabenchi ya nyuma, na kabla ya jua kuzama amekwenda kupiga hodi.

Kwa mwenye programu hiyo kazi si kubwa. Orodha ya aliowachagua anayo. Aipitie mara moja kwa mwezi, jina kwa jina, aone kila mmoja aliandika lini mara ya mwisho. Atakuta mmoja amechoka tu, mwingine amehamia Facebook, mwingine ameaga dunia. Yule ambaye sababu yake haijulikani, na aandikiwe barua.