Fimbo Iliyo Mkononi

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimekuwa nikiiwaza methali hii tangu niliposoma habari za ndege za kivita za Ufilipino, na kila nikiiwaza najiuliza: ukishaishika fimbo, nani anaamua nyoka ni yupi?

Mwaka 2005 Ufilipino iliziondoa kazini jeti zake za F-5 zilizochakaa, ikabaki haina jeti ya kivita hata moja. Mzozo wake na China baharini ukazidi, na mwaka 2012 China ikaushika mwamba wa Scarborough. Jeti kubwa zilikuwa ghali mno. Basi mwaka 2014 ikasaini mkataba na Korea Kusini wa kununua FA-50 12, kwa takriban peso bilioni 18.9. FA-50 imetokana na ndege ya mafunzo. Ina injini moja tu, lakini inapita kasi ya sauti na inabeba mabomu. Ni jeti ya mwenye mfuko mdogo, na mimi siwalaumu walioinunua. Nchi ndogo nayo ina anga lake.

Mwaka 2016 Rais mpya, Rodrigo Duterte, alilalamika kwamba pesa zile zimepotea bure: eti ndege zenyewe zinafaa kupita angani siku za sherehe tu. Haukupita mwaka, wapiganaji wenye itikadi za Dola ya Kiislamu wakauvamia mji wa Marawi, kusini mwa nchi. Ndege za sherehe zikaitwa kazini.

Vita vya Marawi vilidumu miezi mitano. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, mamia ya maelfu wakakimbia makwao, na katikati ya mji pakabaki magofu. Julai 2017 bomu la FA-50 lilikosa shabaha, likaua askari wawili wa jeshi hilohilo.

Najua utaniambia nini. Mji ungeachiwa magaidi? La hasha. Na kweli, hata bila FA-50 Marawi ingepigwa mabomu, maana ndege kuukuu za propela nazo zilikuwa zinashambulia. Hoja hiyo naikubali, na ndiyo inayoninyima usingizi. Kama fimbo yoyote ingetumika, basi tatizo haliko kwenye fimbo peke yake.

Liko kwenye maneno yanayosemwa siku ya kununua. Mwananchi anaombwa kodi yake akiwa anatazama baharini, kwa jirani mwenye nguvu. Haulizwi kama anakubali ndege hiyohiyo ije juu ya soko lake. Tukijadili silaha za bei nafuu, sisi waandishi tunahesabu mabilioni, tunalinganisha na hospitali na madarasa, kisha tunaona tumemaliza kazi. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo mara nyingi. Kumbe bei ndiyo swali jepesi.

Mwaka 2025 Ufilipino iliagiza FA-50 nyingine 12. Machi mwaka huohuo, FA-50 moja ilianguka usiku Mindanao, kisiwa chenye Marawi, ikiwa njiani kuwasaidia askari waliokuwa wakipambana na waasi. Marubani wake wawili walikufa. Hawakuwa wakielekea baharini.