Skrini Ipi Inasema Kweli?

Monita mbili za inchi 24 zikiwekwa bega kwa bega, zikaunganishwa na kompyuta moja na kuonyesha picha ile ile, ni nadra rangi zake zikalingana. Tunda la kahawa lililoiva, jekundu la kukolea kwenye moja, huelekea rangi ya chungwa kwenye nyingine. Muuzaji hueleza tofauti hiyo kwa nambari zilizoandikwa kwenye boksi. Lakini nambari hizo zimebeba swali la kale la falsafa: rangi iko wapi, kwenye kitu au kwenye jicho? Anayeliruka swali hilo hawezi kueleza kwa nini skrini moja iitwe bora kuliko nyingine.

Huko Karurumo, karibu na Runyenjes katika kaunti ya Embu, yako macho yaliyozoezwa rangi kwa miaka mingi. Mkulima wa kahawa huchuma tunda jekundu na kuliacha la kijani. Akifika kiwandani huyamwaga mavuno yake na kuyachambua upya, akitoa mabichi na yaliyoiva kupita kiasi, kabla hayajaingia kwenye mashine ya kumenya. Kazi hiyo hufanywa kwa jicho na vidole. Mtu kama huyo akionyeshwa picha ya matunda hayo kwenye skrini hafifu, hutambua papo hapo kwamba wekundu umekosewa, ilhali jirani yake asiyewahi kuchuma kahawa haoni kasoro yoyote. Tofauti inayoonekana kwa mmoja na isionekane kwa mwingine, je, ipo?

Jibu linaanzia ndani ya skrini yenyewe. Kila pikseli, yaani nukta ya picha, imegawanyika sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu. Hakuna sehemu ya manjano. Ndizi mbivu ya sokoni hurudisha mwanga wa manjano pamoja na wa rangi nyingine. Ndizi ya kwenye skrini ni mwanga mwekundu na wa kijani uliochanganywa. Jicho, lenye aina tatu tu za chembe za kupokea rangi, huzipokea ndizi zote mbili kuwa kitu kimoja. Mwaka 1704 Isaac Newton aliandika kwamba miali ya mwanga yenyewe haina rangi, bali ina uwezo wa kuamsha hisia ya rangi. Karne saba kabla yake, mwanasayansi Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo, alikwisha kueleza kwamba kuona hakuishii jichoni: akili hulinganisha, hukumbuka, kisha huhukumu. Mchambuzi wa kahawa anaona zaidi kwa sababu ana mengi ya kulinganisha.

Hata vipimo vya kiwandani vimesimama juu ya macho ya watu. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga ilipitisha kipimo cha jicho la kawaida kilichotokana na majaribio ya W. David Wright na John Guild, yaliyohusisha watu 17 tu nchini Uingereza. Kiwango cha rangi za skrini kiitwacho sRGB, kilichotungwa na HP na Microsoft mwaka 1996, kinategemea msingi huo. Boksi likiandikwa asilimia 99 ya sRGB, maana yake skrini inaweza kuzifikia karibu rangi zote za kiwango hicho. Halisemi kwamba kila rangi imewekwa mahali pake.

Kutokana na hayo, wengine husema ubora wa skrini ni ladha ya mtu. Sivyo. Skrini ni shahidi wa kitu kisichokuwepo mbele ya mtazamaji, na shahidi anaweza kupungukiwa na ukweli hata kama hakuna aliyemgundua. Hilo linaonekana wazi kwenye giza la picha. Skrini ya aina ya IPS kwa kawaida huwa na kontrasti, yaani uwiano wa weupe na weusi, ya 1000 kwa 1, ya VA hufika 3000 kwa 1 au zaidi, nayo OLED huzima kabisa pikseli ya rangi nyeusi. Picha ya skrini ya aina ya TN hubadilika mtazamaji anapoinuka kitini. Picha ya harusi, bwana harusi akiwa na suti nyeusi chini ya kivuli cha mti, ikiwekwa kwenye skrini duni, mikunjo ya suti hupotea kwanza, kisha mstari wa shavu, kisha macho. Ngozi nyeusi ndiyo huumia zaidi. Jambo hili lina historia: kwa miongo kadhaa kadi ambazo Kodak iliwapa wasafisha picha ili warekebishe rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilienea katika miaka ya 1990. Kinachopotea hapo ni uso wa mtu, na haki ya uso huo kuonekana haiwezi kuitwa ladha.

Upande wa pili, kuna tofauti za kweli zisizo na maana kwa kazi fulani. Pikseli ya monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina upana wa takribani milimita 0.28. Jicho zima huweza kuitofautisha hadi umbali wa karibu sentimita 95. Mwanafunzi anayesoma akiwa sentimita 60 atafaidi skrini yenye pikseli ndogo zaidi. Aliye dawati la nyuma, mita tatu kutoka kwenye skrini, hatafaidi lolote. Kwake, wingi wa pikseli ni sifa ya kioo tu, haujawa ubora. Ubora hupatikana pale mwanga unaotoka, jicho linaloupokea na kazi inayofanywa vinapokutana.

Ndiyo maana video za kung'aa zinazochezwa dukani hazimsaidii mnunuzi: hajawahi kuviona vitu vilivyomo. Afadhali abebe kwenye flashi picha za vitu anavyovijua, kama udongo mwekundu wa kwao, tunda la kahawa au sura ya ndugu, azitazame kutoka mbele na kutoka pembeni. Anga ya buluu ikionyesha mistari badala ya kufifia polepole, huenda skrini ni ya biti 6, yenye rangi 262,144 badala ya zaidi ya milioni 16. Mwangaza wa niti 250 hutosha ndani ya nyumba, lakini husalimu amri karibu na dirisha lililo wazi saa sita mchana. Monita zilizotumika huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa taa ya nyuma hufifia na weupe wake hugeuka umanjano kadiri miaka inavyopita. Kwa mpiga picha hilo ni kasoro kubwa. Kwa karani wa kuandika barua, na kwa mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani, herufi kali na kontrasti ya kutosha vina thamani zaidi kuliko upana wa rangi.