Kuona na Kuthibitisha

Nendeni asubuhi ufukoni Kalemie, mkamwulize mvuvi: «Baba, mtumbwi huu hubeba watu wangapi?» Atajibu mara: «Wanne.» Mwulizeni tena: «Nani amethibitisha kwamba watano hawawezekani?» Atacheka tu. Ameona, yamtosha.

Je, kuona mara nyingi ni sawa na kuthibitisha? Wataalamu wa kemia nao wamesimama mbele ya swali hilohilo.

Kule Manono, katika jimbo letu la Tanganyika, mna mawe yenye lithiamu, ile itumiwayo katika betri. Kila atomu ya lithiamu ina kiini kishikacho elektroni 3. Yaweza kupokea moja zaidi, zikawa 4. Atomu iliyo peke yake, ikishika ya tano na kudumu nayo, haijaonekana.

Mwaka 1926 Schrödinger aliandika mlinganyo uelezao tabia ya elektroni. Mwaka 1929 Dirac akasema kwamba sheria za kemia yote zimekwisha kujulikana. Limebaki tatizo la hesabu kuwa ngumu mno. Mwaka 1951 Mjapani Kato akathibitisha kwamba mlinganyo ule una msingi imara. Lakini tazameni: mwaka 1984 Mmarekani Lieb alipotafuta kikomo cha elektroni, alithibitisha kwamba idadi yake ni chini ya mara mbili ya chaji ya kiini, ukiongeza moja. Chaji ya lithiamu ni 3. Basi hazifiki 7. Macho yasema 4, uthibitisho huo waruhusu hata 6! Na uthibitisho wa kwamba kila atomu, hata iwe kubwa namna gani, hushika elektroni chache tu za ziada, ungali unatafutwa. Kumbe, kuwa na sheria mkononi si kuwa na jibu.

Basi tufanyeje? Wako wasemao: «Haijathibitishwa, basi yaruhusiwa.» Hao ndio wapakiao mtumbwi watu kumi, ziwa likawameza. Wengine husema: «Tumeona hivyo siku zote, yatosha,» nao huufunga mlango wa elimu. Wote wawili wakosa.

Katika kutenda, tufuate lililoonekana, maana uhai wa mwenzetu haungojei hesabu. Katika kusema, tutenganishe: hili nimeliona, hili nimeambiwa, hili limethibitishwa. Mzazi au mwalimu ayachanganyaye humdhulumu amsikilizaye.

Mvuvi akataaye abiria wa tano afanya vema. Tena akisema, «Hesabu yake siijui, lakini nimeona,» amesema kweli tupu.