Nani Anabeba Hema?

Nyumba ikishajengwa, hakuna wa kuuliza itabebwa na nani. Hema lina swali hilo kila asubuhi. Ukitaka kumjua msafiri, usiangalie alilala wapi. Angalia, kulipokucha, hema lake lilipanda mgongo wa nani.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu mdogo wangu anayeishi Ubelgiji alipokuja likizo ya Noeli akaniachia hema lake. Ni la wale watu wanaotembea milimani kwa siku nyingi. Uzito wake haufiki kilo moja, na likikunjwa halizidi mkate mrefu wa duka la pale kwetu. Nguzo halina. Nguzo zake ni fimbo mbili za alumini ambazo msafiri hushika mkononi akipanda na kushuka. Jioni anazirefusha mpaka zimfike kifuani, anazisimamisha chini ya kitambaa, anakaza kamba kwenye vigingi, na paa limepatikana. Kitambaa chenyewe ni nailoni iliyopakwa silikoni, nyembamba kiasi kwamba ukiinua mkono upande wa pili unahesabu vidole.

Nikalisimamisha uani kungoja mvua. Jirani yangu akachungulia juu ya ukuta, akatazama, akashindwa kunyamaza.

"Papa, uko na nyumba ya mabati, sasa ju ya nini unaenda kulala mu kitambaa?"

Swali zuri, na nitalirudia. Kwanza niseme habari ya mvua yenyewe, maana mtu wa mbali anaweza kudhani mvua zote ni sawa.

Lubumbashi, mji wetu wa Katanga, iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi chetu ni kikavu kwelikweli. Kuanzia Mei hadi Septemba mtu anaweza kuanika nguo nje akasahau kuzianua. Kisha mawingu yanajikusanya, na kati ya Novemba na Machi tunapata karibu maji yote ya mwaka, takriban milimita 1,200. Nyingi ya mvua hizo haziji polepole. Unaanza upepo, vumbi jekundu linapanda, watoto wanakimbilia nguo kambani, radi inapiga upande wa Kipushi au Kasumbalesa, halafu maji yanamwagika juu ya mabati hadi watu wawili walioketi meza moja hawasikilizani. Hiyo ndiyo mvua niliyotaka kulipima nayo hema la kitambaa.

Kitambaa hakikuvuja. Nasema hivyo mapema ili tulimalize. Maji yalipiga, yakateleza, yakashuka. Palipopita unyevu ni kwenye mishono peke yake, maana sindano ikishatoboa, silikoni haipo tena, na lazima kila mshono upakwe dawa yake kwa mkono kabla ya safari. Ila kutovuja hakutoshi. Nailoni ina tabia moja inayosumbua: ikilowa hurefuka. Paa lililokuwa limekazwa vizuri saa kumi jioni, baada ya nusu saa ya mvua limelegea, limefanya tumbo, na tumbo hilo linakusanya maji. Upepo ukisukuma, ukuta unakugusa kichwani. Kwa hiyo inabidi utoke katikati ya mvua, uzunguke, ukaze kamba moja moja, kisha urudi ndani ukiwa umelowa wewe badala ya hema.

Kuna na vigingi. Udongo wetu mwekundu wakati wa kiangazi ni mgumu, kigingi hakiingii bila jiwe la kugongea. Ukishanywa maji, kigingi kilekile kinatoka kwa vidole viwili. Nilipolihamishia hema karibu na kichuguu, vigingi vikashika. Wageni wanaokuja Lubumbashi huvipiga picha vichuguu vyetu, vingine vinazidi urefu wa nyumba, na sisi tunavibomoa kufyatua matofali. Udongo wa vichuguu umesagwa na mchwa kwa miaka mingi na haukubali kirahisi kuwa matope. Mwenye kuweka hema nje ya mji na atafute ubavu wa kichuguu, upande ambao maji hayateremkii.

Kero nyingine ilitoka kwangu mwenyewe. Hema la tabaka moja linashika pumzi ya aliyelala. Usiku wa Januari hewa imejaa maji tayari, mtu anapumua, mvuke unapanda, unagusa kitambaa kilichopoa, unageuka matone. Alfajiri nilimulika tochi nikayaona yamejipanga chini ya paa, na kila tone kubwa la mvua lilipogonga nje, madogo ya ndani yalidondoka usoni. Aliyelala usingizi angeapa kwamba hema linavuja. Dawa ni kuacha mlango wazi kwa juu, upepo upite, jambo linalohitaji moyo wakati nje kunanyesha.

Ukijumlisha yote hayo unaona kwamba wepesi haukuja bure. Gramu zilizotolewa kwenye kitambaa zimehamia kwa mtu: lazima ajue kuchagua mahali, asome mteremko, aamke kukaza kamba, ajue kutofautisha jasho na uvujaji. Hema zito humvumilia mzembe. Hili jepesi linamtaka mwenyewe awe macho. Mimi nalipenda kwa sababu hiyo, na kuna sababu nyingine ya zamani zaidi.

Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs ulitoka pwani ya Zanzibar na Bagamoyo kuja huku kwetu. Ulilipwa na Kampuni ya Katanga, kwa faida ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ili nchi ya Mwami Msiri ipandishwe bendera kabla Waingereza hawajafika. Wazungu walikuwa watano. Watu wa pwani, askari na wapagazi, walikuwa mamia. Waliingia Bunkeya, mji wa Msiri, tarehe 14 Desemba, mvua zikiwa zimeshika, na tarehe 20 Msiri akauawa kwa risasi ya Kapteni Bodson, mmoja wa wale Wazungu watano, ambaye naye alipigwa risasi palepale, akafa kwa jeraha hilo. Historia hiyo tumefundishwa shuleni kwa namna mbalimbali, kutegemea nani alikuwa madarakani. Sikumbuki mwalimu aliyewahi kutuuliza mahema yalifikaje.

Yalifika vichwani. Katika misafara ile mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, na hema la mzungu mmoja, la turubai nzito la pamba, lingeweza kuwa mzigo mzima, wakati mwingine zaidi ya mmoja ukihesabu nguzo. Turubai ya pamba ikilowa, nyuzi zake hufura na kuziba matundu, ndiyo maana haivuji. Lakini inanywa maji, na maji hayo yana uzito. Kesho yake aliyelibeba alibeba na mvua ya jana. Kambi ikifikiwa, desturi ilikuwa hema la bwana lisimamishwe kwanza, mizigo ya nguo na baruti ifunikwe, halafu mpagazi ndipo aende porini kukata matawi na nyasi ajijengee kibanda chake. Baada ya Msiri kufa, njaa iliingia Bunkeya, homa zikafuata, na wengi wa wale watu wa pwani hawakuiona tena bahari. Daktari wa msafara, Joseph Moloney, alirudi Uingereza akaandika kitabu, kikatoka mwaka 1893. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria njiani, huko Chinde, mwaka 1892.

Sina nia ya kufufua kesi. Ninachotazama ni mpangilio: mzigo ukavu, bwana mkavu, mbebaji nje. Hema lile lilikuwa imara kwa sababu uzito wake haukumhusu aliyelala ndani.

Ndiyo sababu nikimfikiria Emma Gatewood wa Marekani natabasamu. Bibi huyu, mama wa watoto 11, mwaka 1955 akiwa na miaka 67 aliitembea njia ya milima ya Appalachian kutoka mwanzo hadi mwisho, zaidi ya kilomita 3,000, peke yake. Hakuwa na hema. Alikuwa na mfuko alioushona mwenyewe, viatu vya raba, na pazia la plastiki la bafuni la kujifunika mvua. Wanaotengeneza mahema mepesi siku hizi na kuyauza kwa mamia ya dola wanamtaja kama bibi yao, na nadhani wana haki. Yeye alianza na hesabu iliyo sahihi: nitabeba mimi, basi nibebe nini?

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Swali lake lina mwiba, na sitaki kuuchomoa haraka. Kujaribu hema mvuani ni anasa ya mwenye mabati. Mlango wangu ulikuwa hatua chache, chai ipo, nguo kavu zipo. Huku kwetu Katanga kuna watu ambao mvua haikuwajia kama jaribio. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao Likasi na Kolwezi, wakakaa kwenye vituo vya reli miezi mingi wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao hawakuzaliwa. Mvua iliwakuta hapohapo. Wazee waliopita vituo hivyo wanakumbuka, hata kama hawapendi kusimulia mbele ya watoto.

Na leo wapo vijana wa makala, yaani mkaa. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kasenga utakutana nao wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia yaliyopangwa hadi juu ya kichwa cha msukumaji. Wanatoka mbali, kila mwaka mbali zaidi, kwa kuwa miombo ya karibu tumeshaipikia ugali. Umeme ukikatika, na hukatika, mji mzima unawategemea wao. Njia ni ndefu kwa siku moja, basi wanalala barabarani.

Nilisimama kwa mmoja wao wingu likiwa limeshatanda. Alikuwa ameegemeza baiskeli kwa fimbo yake, ileile anayoitumia kuizuia isianguke akipumzika. Alitupa turubai juu ya magunia, akavuta upande mmoja hadi chini, akaukandamiza kwa mawe. Fimbo ya pili akaisimamisha mbele kuinua ukingo, akaufunga kwa kamba ya mpira iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Kisha kwa kisigino akachimba mfereji mdogo upande wa juu, kabla hata tone halijaanguka. Kamba ile ya mpira ilinishangaza. Turubai likilegea, mpira unajivuta wenyewe. Shida iliyonitoa nje usiku kucha, yeye ameimaliza kwa tyubu kuukuu.

Nikamwonyesha hema langu. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Hii inaweza kufunika magunia ngapi?"

Nikasema labda matatu, kama yamelazwa. Akanirudishia. Makala yakilowa, mnunuzi anashusha bei au anakataa kabisa, na hapo safari nzima imekwenda bure. Kwa hiyo turubai ni la magunia kwanza. Yeye analala pale magunia yanapoishia, miguu mara nyingi nje.

"Maji haina shida sana," akaniambia. "Upepo ndiyo iko na shida."

Nilitaka kumfananisha na bibi Gatewood, maana naye anabeba paa lake mwenyewe na fimbo yake ina kazi mbili. Lakini mpangilio wake ni ule wa Bunkeya: mzigo ukavu, mbebaji nje. Tofauti ni kwamba hakuna anayemwamrisha. Bei ndiyo inayomwamrisha, na bei hiyo tunaipanga sisi, tunapobishana naye langoni juu ya gunia lililolowa ubavu mmoja.

Kuhusu hema, hukumu yangu ni hii. Kwa mtu anayekwenda Kundelungu kutazama maporomoko ya Lofoi, au mtafiti anayelala msituni, ni hema zuri, mradi apake mishono, aongeze vipande vya mpira kwenye kamba kama nilivyofundishwa barabarani, na ajue kwamba radi ikikaribia hema lolote si kimbilio. Mvua ya Januari linaiweza. Nitalitumia.

Na wewe mwenye gari, mvua ikikukuta barabara ya Kasenga usiku, punguza mwendo unapoona turubai kando ya njia. Maji ya madimbwi yanayorushwa na matairi yako yanaingia kwa chini, upande ule ambako aliyelala ameweka miguu.