Kutengeneza Bure, na Mkate wa Fundi



Tarehe 18 Oktoba 2009, mama mmoja mwandishi wa habari, jina lake Martine Postma, aliwaalika watu wa mji wa Amsterdam, nchini Uholanzi, waje na vitu vyao vilivyoharibika ili watengenezewe na mafundi wa kujitolea. Kusanyiko hilo liliitwa Repair Café, yaani mkahawa wa matengenezo, kwa maana watu hunywa kahawa huku wakingoja zamu yao. Leo yako makusanyiko ya namna hiyo zaidi ya 2,000 katika nchi nyingi, na mengine hufanyika katika kumbi za makanisa. Mtu huleta pasi, taa, redio, baiskeli au koti lililochanika. Hatozwi malipo, ila akipenda hutia chochote kisandukuni. Wala haachi kitu chake akaenda zake, bali huketi karibu na fundi, akaangalia na kujifunza.

Huko Ulaya ujira wa fundi wa saa moja mara nyingi huipita bei ya pasi mpya, basi watu wamezoea kutupa. Vitu vingine navyo vimeundwa ili visifunguke, vimegandishwa kwa gundi mahali pa skrubu. Hata mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda kukubali kutengeneza baadhi ya vitu, kama mashine za kufulia, majokofu na simu, kwa bei ya kadiri.

Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini nasi tusifanye hivyo hapa parokiani?" Nilitaka kumjibu "Naam" mara moja. Kisha nikamkumbuka fundi aketiye chini ya mti karibu na soko, na meza yake yenye redio zilizofunguliwa. Je, tukitengeneza bure, yeye atakula nini?

Kwanza, tusiwe na shaka kwamba kutengeneza ni jambo jema. Twasoma katika 2 Wafalme 6 jinsi shoka la kuazima lilivyotumbukia mtoni, na nabii Elisha hakuona aibu kushughulika na chombo cha mtu maskini. Na Bwana wetu, baada ya kuwashibisha makutano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Wazee wetu nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, tukumbuke kwamba Torati yaamuru mtu wa kazi apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa. Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala. Bila shaka wako watu wa Nazareti waliomlipa vizuri, na huenda wako waliomzungusha.

Hapa sina budi kuungama. Siku moja nilibishana bei na fundi redio mpaka akakubali nusu ya alichotaka. Nikarudi nyumbani nikijiona mwerevu. Jumapili iliyofuata nilitoa sadaka kwa mkono mkunjufu. Nilipoyapima mambo yale mawili, niliona kwamba nilichomtolea Mungu kwa mkono wa kulia nilikuwa nimekitwaa kwa fundi kwa mkono wa kushoto.

Basi tendo moja laweza kuwa jema mahali pamoja, na mahali pengine likamwumiza mtu. Kule Ulaya, fundi wa kujitolea mara nyingi hukaa kwenye kiti kilicho kitupu, kwa kuwa pasi ile ingetupwa. Kwetu kiti hicho kina mwenyewe, naye ana watoto wanaohitaji ada ya shule. Kabla ya kutenda wema yafaa tuulize, "Gharama yake anaibeba nani?" Hatuwezi kutoa sadaka kwa jasho la mtu mwingine.

Lakini je, mjane ambaye jiko lake limeharibika, naye hana senti, tumwache? Hasha. Mimi naona hivi: tuwaite mafundi wetu siku moja baada ya ibada. Mwenye uwezo alipe bei kamili. Asiye na uwezo alipiwe na parokia kutoka kisandukuni. Vijana wakae kando ya mafundi, wajifunze kushika bisibisi na kubadilisha waya. Fundi akipenda mwenyewe kusamehe malipo, hiyo ni sadaka yake. Sisi tusimwombe, wala tusimtazame kwa jicho la kumlazimisha.

Huenda mtu atasema kwamba huko si kujitolea tena. Mimi nasema ndiko kujitolea hasa, kwa sababu kila mmoja atatoa kilicho chake. Jambo hili naliweka mbele ya halmashauri ya parokia walifikirie.

Kwa upande wangu, wiki iliyopita nilimpelekea fundi yule wa chini ya mti pasi yangu. Alitaja bei, nami nikalipa bila kubishana. Alinitazama kwa mshangao, na mshangao ule ulinifundisha jinsi tulivyozoea kumtendea.