GARI JIPYA NA VIATU VIKUUKUU

Maneno ya kusoma: 2 Samweli 6:1–11, Yoshua 9:3–16, Luka 14:28–30



Wazee wa sharika kadha wa kadha wametuletea swali moja, nalo ni hili: Usharika ukitaka kumpatia mchungaji wake motokaa, je, utafute ndogo iliyo mpya, au iliyokwisha kutumika? Tena si wazee wa sharika tu; walimu na wauguzi na wenye maduka nao huulizana vivyo hivyo nyumbani mwao. Labda mtu atasema ya kuwa neno hili si la kuhubiriwa, ni la fundi na dalali. Sisi hatuoni hivyo. Fedha ya usharika ni mayai ya mjane, na mikungu ya ndizi iliyonadiwa mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Mahali itakapokwenda fedha hiyo, yapasa Neno la Mungu litangulie.

Tutawasimulia kwanza jambo tuliloliona. Tulialikwa kuketi na wazee wa usharika mmoja wa milimani. Usharika huo una mitaa 5, na mtaa ulio mbali wafikiwa kwa mwendo wa saa 2 katika njia ya mawe. Mchungaji alikuwa na pikipiki tu. Wakati wa masika mzee mmoja alikuwa kufani, akaomba apewe Meza ya Bwana. Pikipiki ikalala matopeni, na mchungaji alipofika kwa miguu, akawakuta watu wanachimba kaburi. Tangu siku ile washarika wakaanza kutoa, kila mtu kadiri ya uwezo wake, hata zikapatikana shilingi milioni 19.

Ndipo yalipoanza maneno. Vijana wakasema, "Tununue mpya. Kununua kuukuu ni kununua taabu za mwenzako. Fedha zinazopungua tutazikopa." Wazee wakasema, "Tununue iliyotumika, tulipe siku moja, tulale usingizi." Wakashindana hata taa ikaanza kufifia, na kila upande ulidhani ya kuwa Mungu yu pamoja nao.

Basi, wapendwa, tuyaangalie Maandiko, maana yanazo habari za pande zote mbili.

Mfalme Daudi alipotaka kulileta sanduku la Mungu Yerusalemu, watu wake walilipakia katika gari jipya. Halikuwa na ufa wala kutu. Wakaimba na kupiga vinubi mbele yake. Lakini walipofika kwenye kiwanja cha kupuria cha Nakoni, ng'ombe wakajikwaa, Uza akalishika sanduku, akafa palepale. Furaha ikageuka kuwa hofu, na sanduku likakaa miezi 3 katika nyumba ya Obed-edomu. Kosa lilikuwa nini? Daudi mwenyewe alikuja kukiri, kama tusomavyo katika 1 Mambo ya Nyakati 15:13, ya kuwa hawakumtafuta Mungu kwa utaratibu wake. Sanduku lilipasa kuchukuliwa mabegani mwa Walawi. Gari lilikuwa jipya, lakini upya wake haukuweza kuwa badala ya kuuliza.

Habari ya pili ni ya Wagibeoni. Hao walikuwa jirani, lakini walimwendea Yoshua wamevaa viatu vikuukuu vyenye viraka, wakichukua viriba vilivyopasuka na mikate yenye ukungu, wakajidai kuwa wametoka nchi ya mbali. Wakuu wa Israeli wakavitazama vitu hivyo, wakavipokea kuwa ushahidi, wakafanya agano. Baada ya siku 3 wakatambua ya kuwa wamedanganywa. Na Maandiko yatuambia kosa lao: hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana.

Mwaona, ndugu? Wale walikuwa na gari jipya, hawa walionyeshwa viatu vikuukuu, na kosa lao ni moja: waliona kwa macho, wasiulize. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia ya kwamba mpya ni majivuno na kuukuu ni unyenyekevu. Yuko mtu anunuaye mpya kwa haki, maana anayo fedha, na kazi yake ni ya safari ndefu isiyoweza kukatizwa. Tena yuko mtu anunuaye kuukuu kwa uchoyo, akawapakia watu katika chombo chenye breki mbovu, akijisifu kuwa ameokoa fedha ya Bwana.

Sasa twaulizaje? Sauti haitatoka mbinguni kututajia motokaa ya kununua. Bali tunayo Katekisimo, ambayo tuliifundishwa tulipokuwa wanafunzi wa kipaimara, na amri zake 3 zatutosha katika shauri hili.

Ya kwanza ni amri ya tano, usiue. Motokaa huchukua mama mwenye uchungu, na watoto wa kwaya, na mchungaji mwenyewe usiku wa mvua. Basi anayenunua iliyotumika asitazame rangi. Atazame tairi: ubavuni pamechapwa tarakimu 4, mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa zimeandikwa 2319, tairi ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama meno yake yangali marefu. Ainame atazame chini, maana katika sehemu za Japani zenye theluji humwaga chumvi barabarani, na chumvi hula chuma mahali pasipoonekana. Aje asubuhi injini ikiwa baridi, aiwashe mwenyewe. Ikiwa imekwisha kupashwa moto kabla hajafika, aulize kwa nini. Naye achukue fundi wake mwenyewe, ambaye hapati kitu kwa muuzaji. Fedha ya fundi huyo si hasara.

Ya pili ni amri ya saba, usiibe. Kuna wizi wa mtu kujiibia kesho yake. Bwana wetu amesema habari za mtu ajengaye mnara, ya kuwa yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Angalieni, ameketi, hakuhesabu akiwa amesimama mbele ya dalali. Tukahesabu pamoja na wazee wale. Ile mpya ilitaka mkopo wa shilingi milioni 20. Tuseme riba ni 15 kwa mia kila mwaka katika deni linalobaki, na malipo ni ya miezi 48. Usharika ungelipa karibu shilingi 557,000 kila mwezi, na mwisho wake ungekuwa umelipa zaidi ya milioni 26 na nusu. Riba peke yake yapita milioni 6 na nusu. Tena motokaa mpya hupungua thamani upesi kuliko wakati wote katika mwaka wake wa kwanza, lakini deni halipungui kwa upesi huo. Tukawauliza vijana, "Kahawa isipozaa, nani atalipa?" Wakanyamaza.

Lakini wazee nao walikuwa na hesabu yao ya kusahihishwa. Walidhani ya kuwa bei ya iliyotumika ni ile iliyoandikwa huko Japani. Sivyo. Katika bandari ya Dar es Salaam kuna ushuru wa forodha wa 25 kwa mia, na kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia. Zaidi ya hayo, motokaa ya abiria yenye umri wa miaka 8 hata 10 huongezewa ushuru wa 15 kwa mia, na iliyopita miaka 10 huongezewa 30 kwa mia. Basi iliyo kuukuu sana, ambayo yaonekana kuwa rahisi, huenda ikapita bei ya ile yenye miaka 7. Kenya hawaipokei kabisa iliyopita miaka 8. Tena motokaa ikishafika haijaisha kununuliwa: kuna bima, petroli, tairi, betri na vipuri. Asiyeweka akiba ya mambo hayo amejenga msingi, akauacha mnara.

Ya tatu ni amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Wako wauzaji wanaorudisha nyuma mita ya mwendo, ili chombo kilichozunguka miaka mingi kionekane kijana. Nao ni Wagibeoni kwa kinyume: wale walivaa ukuukuu wapate kupokewa, hawa huvika upya. Dawa yake ni kulinganisha. Mita ikisema kidogo, na kanyagio la breki limelika, na usukani umekuwa laini kwa kushikwa, basi kimoja katika hivyo ni shahidi wa uongo. Na namba iliyopigwa katika chuma ilinganishwe na namba ya hati, tarakimu kwa tarakimu.

Tulipofika hapo usiku ule, mzee mmoja akasimama. Yeye tangu jioni alikuwa akiisifu motokaa moja iliyoko mjini kwa jamaa yake, tena alikuwa mtu wa kuaminiwa, mshika hazina kwa miaka mingi. Akasema, "Baba Mchungaji, na ninyi wazee wenzangu, ile motokaa msiinunue. Mimi sijui kama ni nzuri au ni mbaya. Nimeahidiwa kitu nikiwaletea ninyi, kwa hiyo macho yangu hayafai." Akaketi. Hapana aliyesema neno kwa kitambo. Kisha mkubwa wa vijana, aliyekuwa akishindana naye sana, akaondoka mahali pake, akaenda akaketi karibu naye.

Ndugu, sisi tumehubiri mara nyingi habari za toba, lakini usiku ule tuliiona. Tangu hapo shauri lilikuwa jepesi, maana hapana mtu aliyekuwa akitetea heshima yake tena. Wakachagua watu 3, mmoja katika wazee, mmoja katika vijana, na mmoja katika akina mama, waende na fundi. Ya kwanza waliyoionyeshwa waliikataa kwa sababu ya kutu. Ya pili waliikataa kwa sababu ya mita. Ya tatu ilikuwa ndogo, yenye miaka 7. Wakailipa yote, ikabaki milioni 3 na kidogo, wakaiweka kuwa akiba ya matengenezo. Yule mzee akataka kuiacha hazina, wakamwambia, "Sasa ndipo tunapokuamini." Akabaki.

Basi tukiulizwa tena, mpya au iliyotumika, tutajibu hivi: Nunueni ile mnayoweza kuilipa pasipo kumwibia mtu, ambayo mwaweza kumpakia mtoto wa mwenzenu pasipo hofu, na ambayo habari zake zote zaweza kusomwa mbele ya usharika mzima Jumapili. Ikiwa mpya yatimiza haya, msione haya. Ikiwa iliyotumika yatimiza, msinung'unike. Ikiwa hapana itimizayo, ngojeni. Pikipiki itengenezwe, na mchungaji atoke mapema.

Nanyi mkumbuke ya kuwa Bwana wetu alipouingia mji wa Yerusalemu alipanda mwana-punda ambaye hajapandwa na mtu bado. Alikuwa mpya, lakini si wake. Alikuwa wa kuazimwa, naye aliahidi kumrudisha. Mfalme wa wafalme hakuona aibu. Yatupasa tushike kila chombo kwa jinsi hiyo, kipya na kikuukuu, kama watu walioazimwa, ambao siku moja wataulizwa walikitumia kumfikia nani.

Na tuombe: Ee Bwana, utufundishe kuketi na kuhesabu. Uyafumbue macho yetu tusidanganywe, na uisafishe mioyo yetu tusidanganye. Uwalinde wote wasafirio katika kazi yako, wawafikie wagonjwa na wenye kufa kwa wakati. Amina.