Mgeni na Jembe Lake

Mafungu ya somo: Kumbukumbu la Torati 23:15, 16, Mambo ya Walawi 19:33, 34, Yoshua 2:1–21, 6:25, Mathayo 2:13–15, 25:35–40.

Wazo kuu: Mungu anatuagiza kumficha anayekimbia. Anatuagiza pia tusimfanye mtumwa wetu baada ya kumficha.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:15, 16. Ni mambo gani matatu ambayo Mungu anaagiza juu ya mtumwa aliyetoroka?

Mafungu haya ni mafupi, lakini yamebeba maagizo matatu: usimrudishe kwa bwana wake; akae kati yako mahali atakapopachagua; usimwonee.

Kwa sisi wa pwani ya kusini, somo hili halitoki mbali. Katika karne ya 19 misafara ilileta Kilwa Kivinje watu waliotekwa bara, upande wa Ziwa Nyasa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873. Aliyetoroka njiani alihitaji mlango wa kubisha, na mwenye nyumba alikuwa na njia tatu: kumficha, kumrudisha, au kumfanya mtumwa wake mwenyewe.

Usimrudishe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1850 iliwataka raia wasaidie kumrudisha mtumwa aliyetoroka. Ellen G. White aliwafundisha waumini kwamba sheria hiyo haipasi kutiiwa, hata kama wataadhibiwa. Karibu miaka mia moja baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwadventista John Weidner, mfanyabiashara wa nguo mjini Lyon, Ufaransa, aliongoza mtandao ulioitwa Dutch-Paris. Yeye na wenzake waliwasaidia watu wapatao 1,000, wengi wao Wayahudi, kukimbilia Uswisi na Hispania. Mwaka 1944 msaidizi mmoja alikamatwa akiwa na daftari la majina, na wengi wakakamatwa baada yake. Gabrielle, dada yake Weidner, alikuwa miongoni mwao. Alikufa mwaka 1945 kutokana na mateso ya kambini.

Akae kati yako. Mwaka 1964 vita ya ukombozi ilianza Msumbiji, na watu wakaukimbia utawala wa Wareno kwa kuvuka Mto Ruvuma. Huko Rutamba, Lindi, serikali ya Tanzania iliwatengea ardhi wajenge na kulima. Wakimbizi walipata mahali pa kuishi kwa jasho lao wenyewe.

Usimwonee. Agizo hili la tatu ndilo tunaloweza kulivunja huku tukisifiwa. Hadithi ifuatayo ni ya kubuni, lakini ingeweza kutokea katika nyumba yoyote.

Binti wa miaka 14 aliishi na bibi yake katika kijiji kilichokuwa njiani kwenda Rutamba. Jioni moja kundi la wakimbizi lilipita. Mama mmoja alishindwa kuendelea, kwa kuwa mtoto mgongoni mwake alikuwa akiwaka homa. Bibi hakuuliza mengi. Aliwatandikia mkeka, akawapikia uji wa mtama uliokuwa umetunzwa kwa mbegu.

Mtoto akapona. Siku ya tatu mgeni aliamka alfajiri, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Siku ya nne akatwanga. Juma la pili alikuwa akichota maji yote na kulima shamba la Bibi, naye binti akilala mpaka jua lipande. Majirani walimsifu Bibi kwa ukarimu wake.

Usiku mmoja binti alimsikia mgeni akisema kwa sauti ya chini, "Mama, wenzangu wanagawiwa mashamba Rutamba. Naogopa nitachelewa."

"Utakwenda, mwanangu," Bibi akajibu. "Tumalize palizi kwanza."

Binti alijua kwamba baada ya palizi yangekuja mavuno. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe hakutaka kuirudia ndoo ile.

Alfajiri mgeni hakuikuta ndoo mahali pake. Alikutana na binti njiani, maji kichwani. "Shikamoo, mama," binti akasema, akapita hadi jikoni.

"Bibi," akasema, "tulimfungulia mlango aingie. Mbona hatumfungulii atoke?"

"Na palizi atanisaidia nani?"

"Mimi, Bibi."

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe, lile zuri kati ya mawili waliyokuwa nayo. "Mpelekee," akasema. "Akalime lake."

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kazi si uonevu, na mgeni mwenyewe hapendi kula bure. Swali ni hili: jembe hilo analima nalo shamba la nani?

Leo yuko yatima anayelelewa na ndugu, ambaye wenzake wakienda shule yeye huachiwa vyombo. Tangu mwaka 2017 vita vimerudi Cabo Delgado, na watu wamevuka tena Ruvuma. Bwana wetu naye alibebwa usiku kwenda Misri, akiwa mtoto wa wakimbizi. Anayesema kwamba alikuwa mgeni nasi tukamkaribisha anajua anachokisema.

Maswali ya kujadili darasani

1. Soma Yoshua 2:1–21 na 6:25. Rahabu aliwaficha wapelelezi. Baadaye yeye na jamaa yake wakapewa nafasi kati ya Israeli. Hilo linatufundisha nini kuhusu anayetoa hifadhi na anayeipokea?

2. Katika Mambo ya Walawi 19:33, 34 Mungu anawakumbusha Israeli kwamba walikuwa wageni Misri. Kwa nini kumbukumbu hiyo ni muhimu kabla ya kumkaribisha mtu?

3. Binti alipomtetea mgeni, ni nani aliyebeba gharama? Je, umewahi kutetea haki ya mtu kwa gharama ya mwingine?

4. Nyumbani kwako, au kanisani kwenu, ni nani anayefanya kazi ambayo wengine wameiacha kwa sababu yeye hana pa kwenda? Kabla ya Sabato ijayo, mwulize angependa kufanya nini na maisha yake, kisha umsikilize.